Ukurasa Usionyonya Mafuta

Kulikuwa na nchi moja, na kama unataka kuiona kwenye ramani, mwombe afisa yeyote ainue kikombe chake cha chai. Iko hapo chini, imelowa kidogo. Iliitwa Jamhuri ya Tayari, na kwenye nembo yake, chini ya jembe na jongoo, paliandikwa kaulimbiu ya taifa: Bado Kidogo. Ilikuwa nchi ya amani, kwa sababu kila mwenye neno alipewa foleni ya kusimama kabla ya kulisema, na wengi walipofika mbele walikuwa wamelisahau.

Siku moja Mtukufu Rais alikwenda ng'ambo kutibiwa jino. Akiwa kwenye chumba cha kusubiri aliona watu wote wameinamisha vichwa, kila mmoja anatazama simu yake, na mezani pana majarida ambayo hakuna aliyeyagusa. Alirudi nyumbani na jino lake lile lile, lakini kichwani alikuwa na maono mapya. Palepale uwanja wa ndege akatangaza kwamba siri ya maendeleo imepatikana. Wenzetu wameacha karatasi. Sisi huku, alisema, bado tunafunua kurasa kama kuku anayechakura jaani, halafu tunashangaa kwa nini tuko nyuma.

Kesho yake ikaundwa Wizara ya Skrini, akakabidhiwa Mheshimiwa Zebedayo Kishindo, ambaye alikuwa Waziri wa Ukame mpaka mvua ilipomharibia kazi. Mheshimiwa Kishindo hakulaza damu. Alitoa Waraka wa Kukomesha Karatasi, uliosema kwamba kuanzia sasa karatasi ni marufuku nchini, na kwamba waraka huo utolewe nakala tatu, kila nakala ipigwe muhuri na ibandikwe kila ukuta. Baadhi ya ofisi zikauliza kama waraka wenyewe nao ni marufuku. Ukatoka waraka wa pili kufafanua wa kwanza. Kisha wa tatu, kuuliza kwa nini wa pili haujajibiwa kwa maandishi. Muda si mrefu Wizara ya Skrini ikawa na mtambo mkubwa wa kuchapa kuliko yote nchini, na mtambo huo haukupoa.

Majarida nayo yakapata waraka wao. Yote yahamie mtandaoni kabla ya Sikukuu ya Skrini. Siku hiyo, mbele ya umma, kila jarida lionyeshe wasomaji wake. Jarida lisilo na wasomaji litafutwa, na jengo lake litatwaliwa na Wizara, ambayo kwa sasa haina pa kuweka nyaraka.

*

Waraka huo ulipofika kwenye ofisi ya jarida la Ufagio, Bi Tunukiwa Mbega aliusoma akiwa amesimama, akaukunja, akaufanya kipepeo cha kufukuzia nzi.

Bi Tunukiwa alikuwa mmiliki, mhariri, na mfagiaji wa jarida hilo, ambalo chini ya jina lake lilijieleza kuwa ni la nyumba safi na akili safi. Alikuwa na stashahada ya sayansi kimu, ameitundika ukutani nyuma ya kiti chake, pale ambapo watu wengine hutundika Rais. Rais alikuwapo pia, lakini pembeni karibu na kabati, na aliyeuliza aliambiwa kwamba pale katikati jua linababua picha. Alizungumza kama anayekata bamia: haraka, vipande vifupi, bila kutazama kisu. Aliwahi kumwambia mke wa mkuu wa mkoa, mbele ya wageni, kwamba mapazia yake marefu yanafuga mende.

Jarida lilikuwa na mapishi, namna ya kutoa madoa, na tarehe za kuwapa watoto dawa za minyoo. Lakini roho ya Ufagio, kwa maoni ya Bi Tunukiwa, ilikuwa Neno la Mhariri. Hapo ndipo alipolionya taifa. Aliliandika neno hilo kwa siku nyingi, akifuta na kurudia, na kwa kuwa aliona halistahili kukaa kwenye karatasi ya kawaida, ile ya rangi ya uji wa ulezi, alilichapa peke yake kwenye karatasi nzito ya kung'aa iliyoagizwa ng'ambo. Juu yake aliweka picha yake ya enzi zile kabla mwili haujafanya uamuzi wake.

Nyuma kabisa, karibu na tangazo la sumu ya panya, kulikuwa na hadithi ya mfululizo iitwayo Ufunguo wa Stoo. Mwandishi wake alitajwa kuwa Kapteni Mstaafu J. Nyundo. Kapteni huyo hakuwahi kuzaliwa. Bi Tunukiwa ndiye aliyeiandika, akiwa jikoni, mkono mmoja kwenye mwiko, na aliionea aibu. Aliianza kuziba nafasi iliyoachwa na tangazo la sabuni lililotoroka. Ilimhusu Bi Mashavu, mama mkwe aliyefunga stoo ya nyumbani na kuuficha ufunguo mdomoni, na mkaza mwana wake aitwaye Tabu, ambaye alitaka kufa kwa kutaka kujua ndani kuna nini. Miaka ilipita na stoo haikufunguliwa.

"Mama, kwani ndani ya stoo kuna nini?" aliuliza siku moja binti yake, Faraja, aliyekuwa akimsaidia kupanga kurasa.

"Kuna toleo lijalo," alijibu Bi Tunukiwa, na hakutania. Yeye mwenyewe hakujua.

Siku ile ya waraka, Faraja alimtazama mama yake akipepea nzi kwa amri ya serikali, akavuta kiti karibu.

"Mama, tuseme ukweli. Wasomaji tunao?"

"Tunao."

"Akina nani?"

"Taifa."

"Ulishawahi kumwona hata mmoja? Kwa macho?"

"Faraja, kila mwezi gari linapakia majarida hapa, linarudi tupu. Kama hayasomwi, yanakwenda wapi?"

"Hilo ndilo swali zuri," alisema Faraja.

"Basi usiniulize swali zuri kabla sijanywa chai. Nilikulea hapa, baba yako alifia kwenye mtambo huu akiupaka grisi. Jengo hili haliwi ghala la mtu. Taifa likiitwa litakuja."

*

Wizara ilimleta Afisa wa Mpito, Bwana Elipokea Shauri, kijana wa makamo mwenye tai na futi ya kupimia. Alikuja na kompyuta mpya isiyo na waya wa umeme. Alieleza kwamba kompyuta ziko chini ya Wizara ya Skrini, lakini nyaya ziko chini ya Wizara ya Nyaya, na wizara hizo mbili bado hazijatambulishwa rasmi.

Faraja akaleta waya wa pasi, wakaunga, wakawasha.

"Sasa, mama mhariri," alisema Bwana Elipokea, akinyoosha tai, "leo Ufagio unaacha dunia ya vumbi na kuingia anga za kimataifa. Msomaji wa kule milimani atabofya, na papo hapo atakuona wewe."

"Atabofya nini?"

"Atabofya baada ya kupata nywila."

"Nywila anaipata wapi?"

"Ofisi ya kata. Anakwenda na picha mbili na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Anajaza ombi, linakwenda wizarani, nywila inarudi kwa posta."

"Kwenye karatasi?"

"Karatasi ya mpito," alisema Bwana Elipokea. "Hiyo inaruhusiwa."

Kisha akachukua futi yake, akapima chumba cha mtambo, akapima ofisi, akapima hata choo. Bi Tunukiwa alimuuliza kama choo nacho kinahamia mtandaoni. Bwana Elipokea alijibu kwa adabu zote kwamba ni utaratibu tu, akaongeza kwamba jengo ni zuri, kavu, nyaraka zitaenea.

Ufagio ukaingia mtandaoni. Bi Tunukiwa alichagua kila kitu mwenyewe. Neno la Mhariri liliwekwa juu kabisa, na picha yake ikafanywa kubwa kiasi kwamba aliyeifungua kwenye simu ndogo aliona pua tu. Akasubiri taifa.

Wiki iliyofuata Bwana Elipokea alirudi na ripoti.

"Jarida limetembelewa," alisema. "Na watu wawili. Mmoja yuko ng'ambo, ameacha maoni. Anauza dawa ya kuotesha nywele."

"Na wa pili?"

Bwana Elipokea alikohoa. "Wa pili yuko hapa hapa ofisini, mama."

Bi Tunukiwa alipanga kalamu mezani, moja moja. Kweli aliingia. Alitaka kuona kama imekaa vizuri.

"Hata huyo wa pili," alisema Faraja, akichungulia ile ripoti, "imeandikwa hapa hakusoma Neno la Mhariri. Aliishia kwenye picha."

"Bando liliisha," alisema Bi Tunukiwa.

"Sikukuu imekaribia, mama," alisema Bwana Elipokea, akisimama. "Mimi nakupenda kama mama yangu. Lakini mabunda ya nyaraka zetu yananyeshewa huko nje."

*

Hapo ndipo Bi Tunukiwa alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu achukue uhariri: alitoka nje kumtafuta msomaji.

Alianza na rafiki zake wa kanisani, wakamwambia wanamwombea. Akaenda kwa wenye maduka ya magazeti, wakamwambia waliuza Ufagio wote kila mwezi, wote kabisa, kwa mtu mmoja. Ni nani huyo mpenzi mkubwa wa usafi? Wakamwelekeza mbele ya posta, kwa Bi Sikudhani.

Bi Sikudhani alikuwa akiuza vitumbua. Usimfikirie mama mnyonge na kikapu. Alikuwa na majiko sita mfululizo, wakwe zake wawili wakigeuza vitumbua kwa vijiti, na yeye amekaa katikati juu ya kiti cha ofisi chenye magurudumu, akiviringika kutoka jiko hadi jiko, akifunga vitumbua kwa karatasi na kuwafokea wateja. Siku hiyo wateja walikuwa wanamfokea yeye.

"Hii ina nini?" alisema fundi cherehani mmoja, akikunjua kifungashio chake. "'Rejea kifungu cha nne.' Bi Sikudhani, jana ulinipa kifungu cha nne. Kinasema rejea kifungu cha kwanza. Nipe nyingine."

"Hakuna nyingine. Zote ni nyaraka. Serikali imehamia kwenye vitumbua, nenda kalalamikie huko."

"Kwani Ufagio hautoki tena?" aliuliza nesi aliyevaa sare. "Mimi niliachwa Bi Mashavu ana ufunguo mdomoni na chafya inakuja. Mpaka leo sijui. Juzi nilikuwa namchoma mtoto sindano, nikajikuta namuuliza mama yake."

"Chafya ile itamtoka tu," alisema fundi.

"Haimtoki. Yule anaweza kuimeza."

"Chafya haimezwi, dada."

"Wewe humjui Bi Mashavu."

Bi Tunukiwa alisimama pale mdomo wazi.

"Ninyi," alisema, "mnausoma Ufagio?"

"Tunausoma?" alisema fundi. "Tunaula."

Wakamweleza, kwa kuwa watu wa Jamhuri ya Tayari hupenda kumwelimisha mgeni. Hakuna aliyenunua jarida zima. Nani ana nafasi ya kuliweka? Mtu hununua kitumbua, hupata nusu ukurasa. Akitaka nusu ya pili hununua kingine, au hubadilishana na jirani. Nesi alinunua viwili kila asubuhi na kuingia wodini na hadithi nzima. Na Bi Sikudhani, ambaye hakuwa mjinga, alikuwa haichani hadithi ovyo. Aliisoma kwanza, akaichana pale palipochemka.

"Nikichana vizuri," alisema Bi Sikudhani mwenyewe, bila aibu, "mtu mmoja anakula vinne. Kuna baba hapa alipata sukari kwa ajili ya Bi Mashavu."

Moyo wa Bi Tunukiwa ulivimba kama unga wenye hamira. Hawa hapa. Taifa lake hili hapa, linanuka iliki. Akajikohoza, akasogea.

"Na Neno la Mhariri," alisema, "mnalionaje?"

Wakatazamana.

"Lipi hilo?" aliuliza nesi.

"Aa," alisema Bi Sikudhani. "Lile lenye mwanamke. Karatasi yake inang'aa, hainyonyi mafuta. Ukifungia, kitumbua kinateleza kinaanguka mchangani. Ile naitupa. Kuna siku niliikunja nikaiweka chini ya mguu wa meza, meza ikaserereka nusura initie mafuta miguuni." Akaviringika kwa jiko la tatu, akageuka. "Kwani yule ni nani? Mke wa mwenye mtambo?"

"Ni mimi."

Bi Sikudhani alimtazama kutoka kilembani hadi viatuni, akarudi juu tena.

"Umenawiri," alisema.

*

Bi Tunukiwa alirudi ofisini, akaketi chini ya stashahada yake, akalia kwa muda ule ule ambao mtu hukata vitunguu vya pilau la watu wachache. Kisha akafuta uso.

"Maonyo yote yale," alimwambia Faraja. "Makala juu ya uadilifu. Makala juu ya mifereji. Ile niliyoandika wakati wa kipindupindu, nilirudia mara ngapi?"

"Nyingi, mama."

"Chini ya meza."

"Tena iliserereka," alisema Faraja. "Nenda kapumzike."

"Sipumziki. Nataka kujua hawa watu nitawafikishaje uwanjani. Ukiwaambia ni wasomaji watacheka. Wao wanajijua ni walaji."

Jibu lililetwa na serikali yenyewe. Siku hiyo hiyo Bwana Elipokea aliingia na waraka mpya. Wizara iligundua kwamba wananchi hawaingii mtandaoni kwa sababu hawajui mtandaoni kuna nini. Hivyo kila jarida litoe kielelezo cha maudhui yake ya kidijitali, nacho kichapwe na Wizara kama kiambatisho nyuma ya nyaraka zake zote, kisambazwe nchi nzima.

"Kwenye karatasi ya mpito," alisema Bi Tunukiwa.

"Naona umeshaanza kuelewa, mama. Mimi nimependekeza Neno la Mhariri. Lina hadhi."

Sasa msikilize Bi Tunukiwa ndani kwa ndani, maana hapa ndipo mtu hujulikana. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye Neno la Mhariri. Lilikuwa jipya, zuri, lilihusu maadili ya majirani. Lingechapwa na mtambo mkubwa kuliko yote nchini, nakala tatu tatu, lingebandikwa kila ukuta. Aliligusa. Alilinyoosha pembe. Na kama Bi Sikudhani asingalisema lile neno "umenawiri", nadhani angelitoa. Akalirudisha kwenye droo, akachukua karatasi yenye doa la mchuzi.

"Chukua hii," alisema. "Ya Kapteni Nyundo."

Bwana Elipokea alianza kuisoma amesimama, kwa wajibu. Baadaye akaketi. Alipofika mwisho aliigeuza, akatazama nyuma.

"Samahani, mama. Hii chafya?"

"Itakuwa kwenye kiambatisho kijacho."

"Lakini huyu Tabu amemshikilia pua mama mkwe. Ufunguo si ataumeza?"

"Afisa, wewe uliniambia kila jambo lina utaratibu."

Bwana Elipokea alifungua mkoba, akatoa muhuri mkubwa kuliko yote, akapiga kwenye ile karatasi neno HARAKA.

Basi mtambo wa Wizara ukaunguruma. Nyaraka zikasambaa, na nyuma ya kila waraka, Bi Mashavu. Ofisi za Jamhuri ya Tayari zilikuwa na desturi yao ya tangu kale: waraka ukipokewa na kusainiwa, kazi yake imekwisha, huuzwa kwa kilo. Wauza vitumbua wakanunua. Nchi ikarudi kusoma, safari hii mpaka vijiji ambavyo gari la Ufagio halikuwahi kufika. Watu walianza kuingia maofisini asubuhi kuuliza kwa unyenyekevu kama kuna waraka mpya. Wakuu wa wilaya wakamwandikia Waziri kwamba kiu ya wananchi kwa maagizo ya serikali imefikia kiwango kisichowahi kuonekana. Mheshimiwa Kishindo alisoma barua hizo akatokwa na machozi. Akaongeza urefu wa nyaraka.

*

Sikukuu ya Skrini ikafika. Uwanja wa taifa ulijaa, na mbele ilisimamishwa skrini kubwa kama ukuta wa jela, iliyoletwa kwa meli. Kila jarida lilipewa kibanda cha kuonyesha wasomaji wake. Jarida la michezo lilileta timu nzima na akiba yake. Jarida la mapenzi lilileta ukoo wa mhariri, wamevaa sare ya harusi. Kwenye kibanda cha Ufagio walikuwapo Bi Tunukiwa, Faraja, na viti vitupu. Bi Tunukiwa alikuwa na mpango wake: amsimamishe Bi Sikudhani jukwaani aseme ukweli. Lakini Bi Sikudhani alikuwa huko nyuma na majiko yake sita, na biashara ilivyokuwa siku hiyo, alituma jibu kwamba hata Mtukufu mwenyewe akimwita atasubiri kundi hili liive.

Bwana Elipokea alikaa pembeni ya kibanda, futi mfukoni, anatazama viatu vyake.

"Sina la kufanya, mama," alisema. "Nimeambiwa nikifunga, nichukue funguo leo leo."

"Najua. Kaa kivulini."

Mheshimiwa Kishindo akapanda jukwaani kuwasha skrini. Akabonyeza. Umeme ukakatika uwanja mzima, na mtaa unaofuata, na, kama ilivyojulikana baadaye, mkoa. Kishikwambi chenye hotuba yake kikazimika, naye akabaki anakigonga kwa kidole. Katibu wake akakimbia, akarudi na hotuba ya dharura, imetoka moja kwa moja kwenye mtambo wa Wizara, bado ina joto, imebanwa pini kama nyaraka zote zinavyobanwa.

Mheshimiwa Kishindo alikuwa na sauti ya radi ya masika, na kama viongozi wengi wa Tayari hakuwa na desturi ya kusikiliza anachosoma.

"Ndugu wananchi," alinguruma, "tangu tulipoizika karatasi, taifa limepiga hatua. Leo hakuna mwananchi anayeshika karatasi isipokuwa kwa idhini." Akafunua. "Tumeshinda ujinga. Tumeshinda uzembe. Na napenda kusema bila kumung'unya." Akafunua tena. "Bi Mashavu akainua pua juu, ufunguo ukagonga meno kwa ndani."

Vitumbua vikasimama njiani kati ya mkono na kinywa.

"Tabu," aliendelea Waziri kwa kishindo kile kile, "akamwachia pua, akakinga viganja chini ya kidevu cha mama mkwe, kama mtu anayekinga maji ya paa. 'Mama,' akasema, 'mimi nimekuwa binti yako tangu nilipoolewa na mwanao. Tema tuheshimiane.' Bi Mashavu akafumba macho. Akavuta pumzi. Kifua kikajaa. Mdomo ukaanza kufunguka." Akafunua. "Kwa kuzingatia kifungu cha nne, aya ya pili, wakuu wa idara watatakiwa."

Mngurumo uliotoka kwa watu haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa msiba.

"Rudi nyuma, mheshimiwa," alipaza mtu.

"Amepiga au hajapiga?" Huyo alikuwa nesi.

Mheshimiwa Kishindo alilamba kidole. Akarudisha ukurasa. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akasoma alichokwisha kusoma, midomo ikitembea. Akageuza nyuma, akamtazama katibu. Katibu akatazama chini ya jukwaa.

"Nani," alisema Waziri, kwa sauti ya mtu wa kawaida kabisa, "ana ukurasa unaofuata?"

Uwanja mzima ukaanza kukunjua vifungashio. Maelfu ya karatasi za nyaraka, zimelowa mafuta hadi jua linapenya, zikainuliwa na kusomwa na kugeuzwa. Mmoja alikuwa na mwanzo, mwingine na kifungu cha nne. Mwenye mwendelezo hakuonekana.

Bi Tunukiwa alisimama kwenye kibanda chake.

"Msijisumbue. Haujaandikwa."

"Wewe umejuaje?" aliuliza Waziri.

"Mimi ndiye ninayeandika."

"Hapa pameandikwa Kapteni Mstaafu J. Nyundo."

"Amestaafu tena leo."

Bwana Elipokea akainuka kivulini, maana wajibu ni wajibu. "Mheshimiwa, kwa mujibu wa waraka, mhariri wa Ufagio anatakiwa aonyeshe wasomaji wake."

Bi Tunukiwa aligeuka. Alielekeza kidevu tu, kwa uwanja, kwa ile bahari ya karatasi zenye mafuta.

Kila mtu akakumbuka kwa pamoja kwamba anachokishika ni marufuku. Wachache walianza kukirudisha kitumbua ndani ya ushahidi. Askari walitazamana, nao wakaficha vyao nyuma ya mgongo. Mheshimiwa Kishindo aliwatazama wananchi, akatazama ile skrini iliyokufa, akatazama karatasi mkononi mwake mwenyewe. Lakini mtu hawi waziri wa Ukame kisha wa Skrini kwa bahati tu.

"Ndugu wananchi," alisema, na ile radi ikarudi. "Mnadhani hii mliyoshika ni karatasi? Hii ni skrini laini. Haitaki umeme. Haitaki nywila. Inakunjika, na ikianguka haipasuki. Wenzetu ng'ambo wanaitafuta, hawajaipata. Sisi tumeshafika."

Vigelegele vilipasuka hadi ng'ambo ya mto. Palepale Ufagio ukatangazwa kuwa jarida la kwanza la taifa kwenye skrini laini, na Bwana Elipokea, akipumua kama aliyetua gunia, akaiweka futi yake kwenye kiti kitupu na kuisahau hapo.

Mheshimiwa Kishindo alimwita Bi Tunukiwa kando.

"Jengo baki nalo. Ila kuna sharti. Jarida la taifa haliwezi kukosa Neno la Waziri. Kila toleo. Na picha."

Faraja alishika pumzi. Alimjua mama yake na alijua ulimi wake.

"Mheshimiwa," alisema Bi Tunukiwa kwa upole ambao binti yake hakuwahi kuusikia, "hilo si la kuomba. Nitakupa mahali pa heshima. Peke yako. Kwenye ile skrini nzito ya kung'aa, inayotoka ng'ambo."

"Inang'aa sana?"

"Inateleza."

*

Toleo la kwanza lilitoka, na Bi Mashavu akapiga chafya, na ufunguo ukaruka dirishani ukaingia kisimani. Watu walikula vitumbua mpaka unga wa mchele ukaadimika. Faraja aliuliza tena ndani ya stoo kuna nini, akaambiwa aende akapange kurasa.

Asubuhi ile Bi Tunukiwa alikwenda mwenyewe mbele ya posta, akapanga foleni kama mtu yeyote. Chini ya mguu wa meza ya Bi Sikudhani palikuwa na uso wa Mheshimiwa Kishindo umekunjwa mara nne, na meza ilikuwa ikiserereka. Bi Tunukiwa aliona, akatazama pembeni kwa heshima.

Maana naye alikuwa na lake. Neno la Mhariri lilikuwa limehamia ndani, kwenye karatasi ya rangi ya uji, kati ya hadithi na namna ya kutoa doa la embe. Hakuweka picha. Alikuwa amelifupisha kwa mara ya kwanza maishani, likaisha kabla ya msomaji kupiga miayo, au ndivyo alivyoamini. Akapokea kitumbua chake, akakunjua taratibu, moyo ukimdunda kama bibi harusi. Lilikuwa lenyewe. Karatasi iliyanyonya mafuta vizuri sana.

Fundi cherehani, aliyesimama karibu naye akitafuna, alinyoosha shingo.

"Yako ina nini, dada?"

"Neno la Mhariri."

Fundi aliacha kutafuna. Akamtazama kwa huruma ya kweli, akachana karatasi yake katikati, akampa kipande.

"Pole," alisema. "Shika hii, angalau ina kisima."